Uko wapi? Programu za simu na ngeli ya PAKUMU

Baada ya salamu, swali linalofuata katika mazungumzo mengi ya simu nchini ni "Uko wapi?" Anayeulizwa akiwa upande wa Kusini mwa Mombasa anaweza kujibu kwa namna tatu: "Niko huku Likoni", "Nipo hapa feri" au "Nimo ndani ya feri, tunavuka saa hii". Ni majibu matatu yenye viambishi vitatu, na kila kimoja kinampa msikilizaji habari tofauti. Makala haya yanayaweka majibu hayo kando ya programu za simu zinazomwezesha mtu kutangaza mahali alipo, kuonyeshwa maduka na mikahawa iliyo jirani, na kukutanishwa na watu wanaopenda anachokipenda yeye. Nitazihakiki programu hizo kama matini, kwa maana zinasema nasi kwa maneno, na maneno hayo yanaamua nani aonekane na nani asionekane.

Historia yake si ndefu. Mnamo 2009 Dennis Crowley na Naveen Selvadurai wa New York walizindua Foursquare. Mtumiaji alipofika mkahawani alibonyeza kitufe kuwajulisha marafiki kwamba yupo pale. Aliyefika mara nyingi kuliko wenzake alivishwa cheo cha "meya" wa mahali hapo, na baadhi ya wenye biashara wakampa kahawa ya bure au punguzo la bei. Facebook ikaliiga wazo hilo mwaka uliofuata. Mnamo 2014 Foursquare iliihamishia kazi hiyo kwenye programu nyingine iitwayo Swarm, na Desemba 2024 ikaifunga ile ya kwanza iliyokuwa imebaki kuwa mwongozo wa miji. Wazo lenyewe halikufa. Limeingia ndani ya Google Maps, Instagram na hata WhatsApp, ambako kijana wa Changamwe humtumia mwenzake "lokesheni" bila kujua kwamba kuna wakati jambo hilo lilikuwa programu nzima.

Sisi pia tuna mchango wetu. Ushahidi, jukwaa lililoundwa na Wakenya mnamo Januari 2008, liliwawezesha raia kuripoti kwa ujumbe mfupi na kwa intaneti mahali palipotokea ghasia baada ya uchaguzi, na ripoti hizo zikawekwa kwenye ramani. Hapo pia mtu alitaja mahali. Tofauti ni kwamba waliounda chombo hicho walianza na neno la Kiswahili linaloeleza mtu anafanya nini anapotaja mahali: anatoa ushahidi. Hizi nyingine zilianza na neno la Kiingereza, tafsiri ikatafutwa baadaye.

Tafsiri ndiyo kasoro yangu ya kwanza. Kitenzi kinachowajia watu haraka ni "kuingia". Hakifai, kwa sababu mbili. Kwanza, "ingia" tayari kimepewa kazi ya kufungua akaunti kwa jina na nywila. Mtu akiambiwa "Umeingia Likoni" hatajua kama amefungua akaunti, amevuka feri au amehamia huko. Pili, kuingia kunahitaji mlango, na sehemu nyingi tunazokutania Mombasa bara hazina mlango. Maskani ya vijana Mtopanga ni benchi chini ya mwembe. Muuza kahawa tungu wa Magongo ana birika, jiko la makaa na vikombe vidogo, basi. Huko mtu hukaribia, husimama, huketi. Haingii.

Wengine watapendekeza "kubisha hodi". Neno lina harufu nzuri ya pwani, nami nalipenda, ila halifai pia. Hodi ni ombi. Anayebisha husubiri jibu, na asipolipata baada ya mara tatu huondoka kwa heshima. Anayebonyeza kitufe cha programu hamwombi mwenye mahali chochote. Anawatangazia watu wa mbali kwamba amefika, huku mwenye kibanda aliye mbele yake hajui kama ametajwa. Tukiita tendo hilo hodi, tutakuwa tumelipamba kwa adabu lisiyokuwa nayo.

Kumbe jibu tunalo katika sarufi. Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi nchini amefundishwa ngeli ya PAKUMU: PA- kwa mahali dhahiri, KU- kwa mahali pasipo mipaka bayana, MU- kwa ndani. E. O. Ashton aliueleza mgawanyo huo katika kitabu chake cha sarufi cha 1944, na vitabu vyetu vya shule vimeurudia tangu hapo. Tatizo ni kwamba tunaufundisha kama mtego wa mtihani, ilhali ni chombo cha kijamii. Msichana wa Kisauni akimjibu mtu asiyemwamini vizuri "niko huku huku Kisauni", hajadanganya, wala hajatoa siri. Kiambishi KU- kimempa haki ya kutaja mtaa bila kutaja mlango. Akimjibu mamake "nipo hapa Mlaleo, stejini", amempa mahali pa kumfuata. Akisema "nimo dukani", ameongeza kwamba amefunikwa na kuta na huenda wapo watu pamoja naye. Msemaji ndiye anayechagua, kulingana na anayeuliza.

Programu za awali zilimnyima chaguo hilo. Zilijua PA- peke yake: nukta moja juu ya ramani. Ilibidi kusubiri hadi 2020 kwa simu za iPhone, na 2021 kwa Android 12, ndipo mtumiaji akapewa uwezo wa kuamua kama programu ijue mahali alipo kwa usahihi au kwa kukadiria tu. Wahandisi waliita hatua hiyo ulinzi wa faragha, na kweli ni ulinzi. Mzungumzaji wa Kiswahili anaitambua kama tofauti ya "nipo" na "niko". Lau watafsiri wangaliiona hivyo, wasingalituletea sentensi nzito kuhusu "ufikiaji wa data ya mahali" ambayo mtu huikubali ili mradi imwondokee. Wangaliuliza: "Tukujue uko upande gani, au tujue hasa ulipo?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua data ya mahali kuwa mojawapo ya vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na ridhaa inayotakiwa na sheria hiyo ni ya mtu aliyeelewa anachoulizwa. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka ni ridhaa kwa jina tu.

Kasoro ya pili iko katika neno "karibu". Programu hizi hutuahidi biashara zilizo "karibu nawe". Ukaribu wake hupimwa kwa mstari ulionyooka. Sasa msimamishe mtu kivukoni Likoni. Mlango wa bahari unaomtenga na kisiwa una upana wa takribani nusu kilomita, kwa hiyo mkahawa ulio upande wa pili utahesabiwa kuwa karibu. Ila yeye anajua foleni, anajua feri iliyoharibika katikati ya wiki, na watu wa umri wake hawajasahau kuzama kwa feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ambako watu 272 walipoteza maisha. Kwake mkahawa huo uko ng'ambo. Neno "ng'ambo" linachukua umbali na taabu ya kuvuka kwa pamoja. Tena linageuka kwa kufuata msemaji, kwani ng'ambo ya mtu wa Likoni ni kisiwani, na ng'ambo ya mtu wa kisiwani ni Likoni. Sijaona programu inayojua ng'ambo.

Isitoshe, "karibu" ya Kiswahili ina nusu ya pili: ukaribisho. Duka lililo karibu nawe ni lile lisilo mbali, na pia ni lile ambalo mwenyewe hukwambia "karibu". Kigezo hicho cha pili ndicho kinachojaza vibanda vya mahamri na mbaazi asubuhi Bamburi na Chaani. Mteja hafuati nukta. Anamfuata mama anayejua kwamba yeye hutaka mbaazi nyingi na hulipa mwisho wa wiki.

Hapa ndipo uhakiki wa lugha unapogusa mfuko. Programu hupanga biashara kwa aina: mkahawa, hoteli, baa, duka la vitabu. Mama wa viazi karai anayepika jioni tu, nje ya nyumba yake, ataandikishwa wapi? Katika Kiswahili cha Kenya "hoteli" ni pa kula hata kama hapana kitanda hata kimoja, lakini mgeni anayetafuta hoteli kwa simu ataonyeshwa vyumba vya kulala Shanzu. Asiyekuwa na aina hana nukta, na asiyekuwa na nukta mgeni hamfikii. Namba yake ya kulipia kwa M-Pesa imeandikwa kwa rangi kwenye ubao, kila mpita njia anaiona, ila ramani haimwoni.

Chukua tena kile cheo cha "meya". Tumepewa neno la ofisi ya mji kwa jambo ambalo Kiswahili kina neno lake: mwenyeji. Watu hawawi wenyeji wa mahali kwa kuhesabiwa mara walizofika. Mwenyeji ana wajibu: humpokea mgeni, humwonyesha njia, humwonya penye hatari. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa kuwa baraka ya ujio wa mgeni humfikia aliyempokea. Meya wa Foursquare alivizia cheo asinyang'anywe na mgeni mwenye bidii zaidi. Hayo ni mashindano, na mashindano yana raha yake, lakini ni hadithi tofauti kuhusu maana ya kupenda mahali.

Kasoro ya tatu ni majina. Mahali pengi Mombasa bara pana jina la kiofisi na jina la kinywani. Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mnamo 1875, ilipewa jina la Sir Bartle Frere. Wenyeji wanapaita Kengeleni, kwa ajili ya kengele iliyopigwa kuwatahadharisha wakazi wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Port Reitz kule Changamwe inakumbuka Luteni Reitz, aliyefariki mwaka 1824 baada ya miezi michache tu ya kuisimamia Mombasa. Kwa upande mwingine, Likoni inabeba neno liko, mahali vyombo vinapopakia na kushusha watu, na wadi mojawapo ya huko inaitwa Shika Adabu, jina ambalo ni fundisho tosha. Programu zinaporuhusu mtu yeyote kuongeza jina, jina la kinywani lina nafasi ya kuandikwa kwa mara ya kwanza. Nafasi hiyo hupotea tunapoandika kwa Kiingereza kibovu mahali tunapopataja kwa Kiswahili safi kila siku.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wengi, hasa walioathiriwa na lugha ya Nairobi, hutumia "niko" kwa kila hali, hivyo tofauti ninayoitetea inakufa. Ni kweli inadhoofika. Lakini sikiliza mazungumzo ndani ya matatu ya Kisauni utasikia "yupo", "yumo" na "hamna" vikitumika bila mwalimu. Ya pili ni kwamba mfanyabiashara anataka wateja, hataki sarufi. Nakubali anataka wateja. Wateja hao humpata kwa maneno wanayoyaandika wanapotafuta, na mtu anayetafuta "viazi karai Likoni" hatasaidiwa na orodha iliyotungwa kwa msamiati wa New York.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany alitutungia "runinga", tukaipokea. Alitutungia pia "ngamizi" kwa kompyuta, na watu hawakuichukua. Neno hupona pale linapokubaliwa na ndimi, hata aliyelitunga awe bingwa. Kwa hiyo sipendekezi neno jipya. Napendekeza kitufe kiandikwe "Nipo hapa", na kando yake kiwepo kingine kilichoandikwa "Niko huku", mtumiaji achague. Badala ya "karibu nawe" kwa kila kitu, programu itenganishe upande huu na ng'ambo. Na orodha ya biashara iwe na kibanda, kioski, genge na maskani.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa kampuni za ughaibuni peke yake. Vyuo vyetu vina idara za Kiswahili na idara za kompyuta, mara nyingi ndani ya ua mmoja. Wanafunzi wa idara hizo mbili wakitembea pamoja siku chache kutoka Mtongwe hadi Shika Adabu, wakiandika majina kama yanavyotamkwa na biashara kama zinavyoitwa na wenyewe, mama wa viazi karai atapata nukta yake, na itakuwa na jina ambalo wateja wake wanalijua.