Neno "Mwali" Nje ya Pwani: Mfano wa Kasulu na Kibondo

Kila mwandishi wa Kiswahili aelezaye jinsi binti anavyoingizwa katika utu uzima ana deni kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Habari zake nyingi zatoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, naye alieleza mambo ya kwao. Kosa ni la waliokuja baadaye, wakayachukua maneno ya pwani, unyago, kungwi, somo na mwali, wakayatandaza juu ya nchi nzima.

Katika Kasulu na Kibondo, nchi za Heru na Muhambwe za zamani, kosa hilo laonekana waziwazi. Kiha ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na wenye lugha hizo hawakuwa na unyago wa kundi mfano wa Wamakonde. Binti hufundwa nyumbani na wanawake wa ukoo. Mwenye neno zito ni shangazi. Warundi husema masenge, yaani shangazi yangu. Shangwe kubwa, pamoja na pombe na wageni, hungojea posa na arusi. Mwandishi amwitaye shangazi huyo "kungwi" amekwisha kuiharibu habari. Kungwi ni fundi wa kazi yake, hata asipokuwa wa damu. Shangazi ni sauti ya upande wa baba, na upande huo ndio upokeao mahari.

Neno mwali lina hatari zaidi. Pwani humtaja msichana aliyevunja ungo, na aliyemo unyagoni, na hata bibi arusi. Huko maana hizo hazigongani, maana desturi yenyewe ilizitenga kwa siku zake na ngoma zake. Katika Kinyarwanda umwari ni msichana aliyekua, basi. Ngoma ikiondolewa na neno likabaki, kuvunja ungo na kuolewa huonekana kuwa jambo moja.

Wala hili si shauri la kamusi peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Aandikaye leo kwamba "mwali wa Kasulu yu tayari" hakueleza desturi ya Waha. Ametoa hukumu juu ya mtoto kwa neno la Bagamoyo.

Huenda ikajibiwa kwamba Kiswahili si kigeni Buha. Ni kweli: wanaume wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga zamani za ukoloni, wakarudi na lugha ya huko. Lakini manamba hao hawakurudi na makungwi. Mtafiti na aandike shangazi pale palipo na shangazi, na msichana pale palipo na msichana, na jina la Kiha aliloambiwa aliweke kando yake.