Kupakia na Kupakua

Gatini Nyamisati, kabla maji hayajajaa, nahodha huanza na mizigo. Nauli ni baadaye. Kila anayeshuka kuelekea botini husimamishwa kwa swali lile lile: kina uzito gani? Gunia la unga, dumu la petroli, kreti za soda, bati za kuezekea, kuku ndani ya tenga, vyote huulizwa, vikanyanyuliwa kidogo kwa mkono, vikapewa mahali pake. Vizito hukaa chini katikati, vyepesi juu, na kinachoogopa maji hukaa nyuma, karibu na miguu yake mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza nilipovuka kwenda vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji nikiwa na kazi za watu mkononi, nilimwamkia.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho ulichokumbatia?"

Kilikuwa kishikwambi changu, nimekizungushia kanga mbili na mfuko wa nailoni. Nikamwambia hakina uzito, hata nusu kilo hakifiki. Alikipokea, akakipima kiganjani, akanirudishia.

"Kila kitu kina uzito," alisema. "Kama huusikii wewe, kuna mwingine anaubeba."

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza kurasa za tovuti. Nimezitunza za nyumba ya wageni kisiwani Mafia, za wakulima wa korosho upande wa Kibiti, za shule, za wafanyabiashara wadogo. Ofisi yangu ni hizo kanga mbili na kilichomo ndani yake. Naandika ndani ya basi linalotoka Mbagala, naandika kwenye benchi la mama ntilie, naandika juu ya magunia botini. Wapo wanaoiona kazi ya namna hii kuwa kazi ya kubahatisha, ya mtu asiye na meza. Mimi naiona kuwa ufundi kamili, wenye adabu zake kama ufundi wa seremala au wa mshona tanga, na adabu hizo sikuzipata darasani. Nimefundishwa na delta ya Rufiji.

Lugha yetu ilikuwa imeshayasema haya kabla sijayajua. Maneno ya intaneti yalipotafutwa kwa Kiswahili, hayakwenda kuchukuliwa mbali na gati. Kupeleka faili mtandaoni ni kupakia, na kulileta kwako ni kupakua. Chombo cha kufungulia kurasa ni kivinjari, na kuvinjari ni mwendo wa chombo kinachozunguka majini, kikienda na kurudi, macho yakiwa nje. Kwa hiyo mtengenezaji wa tovuti, kwa Kiswahili chake mwenyewe, ni mpakiaji. Na watu wa delta wanajua kupakia. Kwa miaka mingi majahazi yalichukua miti ya mikoko hapa kwenda Arabuni na Ghuba, ikihesabiwa kwa korija, miti 20 kila korija, ikiwa imechambuliwa kwa unene: boriti mbali, mazio mbali, pau mbali, fito mbali. Mpakiaji hakusifiwa kwa wingi wa alichorundika. Alisifiwa jahazi lilipofika.

Basi siku yangu ya kazi ina umbo la safari ya majini, na huanzia nchi kavu. Kibiti, kama kilometa 140 kutoka Dar es Salaam kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara, ndiyo bandari yangu ya kupakulia. Pale stendi, katikati ya wauza korosho na wapiga debe, mtandao una nguvu, na mimi hukaa chini nikapakua kila nitakachohitaji: maagizo ya wateja, picha walizonitumia, nakala nzima ya kurasa ninazozifanyia kazi, hata kamusi. Najiuliza maswali ambayo msafiri wa maji hujiuliza. Nikikaa siku mbili bila mnara, nitakwama wapi? Nimesahau nini? Pawabenki imejaa? Kisha naelekea Bungu, nachepuka kwenda Nyamisati, na kutoka hapo naikabidhi safari kwa nahodha.

Ndani ya mikondo, mikoko inapobana pande zote mbili, vile vijistari vya mtandao hupungua kimoja kimoja mpaka vinaisha. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Zamani niliogopa kimya hicho, nikikitazama kioo kama mgonjwa anayesubiri majibu. Siku hizi nakitamani. Kila nilichohitaji ninacho. Hakuna wa kunigutusha. Naandika maandishi matupu kwanza, bila rangi wala mapambo, kwa sababu ukurasa usioeleweka ukiwa mtupu hautaeleweka ukivishwa. Kibodi ya kioo ni nyembamba, vidole vinachoka, na uchovu huo hunipunguzia maneno. Jua likipiga kioo nahamia chini ya turubai. Rasharasha za maji ya chumvi zikinifikia, nakausha mikono kwa kanga kabla ya kugusa chochote, maana kioo hakipokei kidole kilicholowa. Nimezoea kufanya jambo moja, nikalimaliza, ndipo nikagusa la pili. Kioo kidogo hakina nafasi ya kuchanganya mambo.

Tunapofika kijijini, kila mtu anajua mtandao unapatikana wapi: chini ya mwembe fulani, juu ya ngazi ya dungu, kwenye kichuguu nyuma ya msikiti. Maeneo hayo hujulikana kama wavuvi wanavyoyajua maeneo yao ya samaki, pamoja na saa zake nzuri. Nafika, nasimama, nafungua, napakia. Nikijaliwa, kazi ya saa sita hupita kwa dakika mbili.

Lakini maneno ya nahodha sikuyaelewa mpaka nilipopata aibu.

Nilikuwa nimemaliza kurasa za shule moja ya sekondari, na nilijivunia. Juu kabisa niliweka picha ya majengo yake, kubwa, kali, imejaa upana wote wa kioo. Chini yake picha nyingine zikipishana zenyewe, kisha video. Kule stendi Kibiti ukurasa ule ulifunguka mara moja, nikatabasamu. Shangazi yangu anaishi ndani ya delta, na mwanawe alikuwa amechaguliwa kujiunga na shule ile. Alitaka mambo mawili tu: siku ya kufungua shule na orodha ya mahitaji ya mwanafunzi. Alinunua bando, akaenda kusimama chini ya mwembe wa mtandao. Ukurasa ukaanza kushuka taratibu, bluu ya mbingu kwanza, kisha ncha ya paa, kisha ukasimama. Alijaribu mara tatu. Bando likaisha kabla maandishi hayajamfikia.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole nilipofika, "nimeona mbingu tu."

Chombo changu kilikuwa kimepwelewa. Maji yalitoka, shehena ikabaki juu ya mchanga, na aliyeingia gharama ni mama wa watu aliyesimama juani. Picha ile peke yake ilikuwa na megabaiti 5. Mimi sikuusikia uzito wake. Yeye aliubeba.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo sijaisahau. Ukurasa wa kawaida wa tovuti duniani leo unapita megabaiti 2. Mwenye bando la megabaiti 100 hatazidisha kurasa 50 za namna hiyo, basi. Ukurasa huo ukitengenezwa kwa kilobaiti 100, bando lile lile litamfungulia kurasa 1,000. Kati ya 50 na 1,000 kuna elimu, kuna bei za mazao, kuna ratiba za vivuko, kuna matangazo ya kazi, na tofauti yote hiyo imo mikononi mwa fundi. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule ambao Tim Berners-Lee aliuweka kule CERN, ulikuwa maandishi na viungo tu. Wavuti ilizaliwa nyepesi, nasi ndio tulioilemeza.

Delta hii ina ushahidi wa zamani juu ya wepesi, ingawa ushahidi huo umeandikwa kwa vita. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta, mitambo yake ikiwa mibovu. Waingereza walikuwa na manowari kubwa nje ya midomo ya mto, lakini hazikuweza kuifuata, kina kilizikataa. Ilibidi waletewe Severn na Mersey, meli bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ambazo zilielea kwenye maji yasiyofika mita 2. Hizo ziliingia. Na kwa kuwa mikoko iliwaziba macho wapiga mizinga, ndege ziliruka kutoka Mafia, na mtazamaji aliyekuwa angani akawatumia kwa redio herufi chache za kusahihisha shabaha. Julai 11, 1915, ndege moja ilipigwa. Ikawa inashuka bila injini, na mtazamaji wake akaendelea kutuma masahihisho huku inashuka. Siku hiyo ndiyo Königsberg ilipoangamia.

Siifurahii vita ile. Iliwaua watu wengi wa nchi hii ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Lakini kila nikipita kwenye mikondo ile namfikiria mtazamaji yule, yuko safarini, chombo chake kinaanguka, nafasi yake ni herufi chache tu, na herufi hizo zinafika. Delta haikupitisha vikubwa. Ilipitisha chombo chepesi na ujumbe mfupi.

Ushahidi wa amani ni wa karibu zaidi, na ni mzuri zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilifanywa kwa karatasi. Ile iliyoanza Agosti 23, 2022, makarani nchi nzima waliifanya kwa vishikwambi. Karani aliyekuwa mbali na mnara alijaza dodoso la kaya, akalihifadhi ndani ya kifaa, akaenda kaya nyingine, na majibu yakatumwa alipofika penye mtandao. Oktoba 31 mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla: watu 61,741,120. Ndani ya tarakimu hiyo wamo watu wa delta, waliohesabiwa nyumbani kwao na maneno yao yakapakiwa baadaye. Vishikwambi vilipomaliza kazi hiyo vikapelekwa kwa walimu. Ninapokifungua changu nakumbuka kwamba kifaa kama hiki kimewahi kuibeba nchi nzima, kaya moja moja, na hakikuzama, kwa sababu kila kaya iliandikwa kwa uchache unaotosha.

Kisha ulikuja mwaka 2024. Aprili mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Mei 12 kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikaonja mtandao wa kusuasua. Mjini watu walihangaika kama waliofiwa, wakiinua simu juu, wakizizima na kuziwasha. Kwa siku chache Dar es Salaam yote ilikuwa imesimama chini ya mwembe wa shangazi. Kurasa nilizokuwa nimezipunguza uzito zilifunguka polepole, lakini zilifunguka. Nilielewa siku zile kwamba anayemtengenezea msomaji wa delta amewatengenezea wote, maana hakuna aliye salama na kupwa kwa maji.

Ndiyo maana naisifu kazi hii. Kwenye meza ya mjini, penye nyaya nene na umeme wa uhakika, fundi hausikii uzito wa anachokitengeneza. Safarini anausikia. Kila kilobaiti analinunua mwenyewe kwa bando lake, analilinda na chumvi, analisubirisha chini ya mwembe mpaka lipite. Mkono uliozoea kupima hivyo hauwezi tena kumrundikia mwingine mzigo bila kujua. Huo ndio ufundi ninaousema, na naamini unastahili heshima tunayowapa wanaochonga mtumbwi wakijua utabeba watoto.

Kurasa za shule nilizirudia botini, juu ya magunia. Tarehe ya kufungua shule niliiweka mstari wa kwanza, orodha ya mahitaji ikafuata, ikianza na daftari na kuishia na ndoo. Picha ya majengo niliishusha mpaka kilobaiti 60, nikaiweka chini kabisa, mahali ambapo asiyeihitaji hatailipia. Jumla haikufika kilobaiti 100. Nahodha aliniuliza mbona leo nimetulia sana, nikamwambia napunguza mzigo. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akarudisha macho kwenye mkondo.

Maji yalipojaa nilipakia, nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta uani, sufuria ya wali wa nazi iko chini, upawa mkononi. Nikamwomba ajaribu tena, kwa simu yake mwenyewe. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiegemeza kwenye kinu, akageukia sahani. Tulikuwa watu watano tuliosubiri kula. Ukurasa ulifunguka wote, mpaka ndoo ya mwisho, kabla hajamaliza kupakua.