Sema Baba

Bana pua kwa vidole viwili, useme "baba". Sauti inatoka ile ile. Sasa sema "mama", pua ikiwa bado imebanwa. Neno linakwama, linatoka kama la mtu mwenye mafua. Hilo ndilo somo la kwanza tulilopewa kwenye fanfari yetu, bendi ya matarumbeta ya Katuba, hapa Lubumbashi, kabla hatujagusa hata tarumbeta moja, na sisi watoto tulicheka sana. Mzee aliyetufundisha, ambaye wote tulimwita Papa Chefu, hakucheka. "Siku trompeti yako itasema mama," akasema, "uirudishe mu sanduku."

Katika m, n, ny na ng', pumzi ina ruhusa ya kupita puani. Katika sauti nyingine zote za Kiswahili haina. Bawabu wa mlango huo ni kaakaa laini. Pitisha ncha ya ulimi juu ya paa la kinywa, ukirudi nyuma polepole, utafika pale mfupa unapokwisha na nyama inapoanza. Mwisho wake ndio kimio kinachoning'inia. Ukisema "baba", nyama hiyo hunyanyuka, ikaegemea ukuta wa koo, na njia ya pua ikazibwa. Siku nzima tunaongea, tunabishana sokoni, tunaimba, nayo inafanya kazi bila kushukuriwa na mtu.

Mpiga tarumbeta huitwisha nyama hiyo hiyo kazi ya punda. Pumzi iliyomo kinywani mwa mtu anayezungumza ingeweza kusukuma maji ndani ya mrija yapande kiasi cha urefu wa kidole. Kwenye noti za juu za tarumbeta, zikipigwa kwa nguvu, maji hayo yangepanda zaidi ya mita moja, yafike kifuani pa mtoto wa shule. Uzito wote huo unasukuma mlango wa nyama laini. Na mlango huo unatakiwa usitoe hata mluzi.

Watu, lakini, huitazama shaba ya tarumbeta. Siwalaumu, hasa watu wa kwetu. Jimbo letu zima liliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997, na shaba ya manjano inayotengenezewa tarumbeta ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, madini ambayo Kipushi, kilomita kama thelathini kutoka hapa, inayo tele. Matarumbeta yetu yalitoka Ulaya, yamekwisha tumika, mengine yamebonyea kama sufuria la kilioni. Nilipokuwa mdogo nilipenda kufikiri kwamba ni mawe yetu yaliyokwenda safari na kurudi yamekunjwa.

Na fanfari hapa si ugeni wa jana. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, ngoma ya beni iliyozaliwa pwani, Lamu na Mombasa, ilifika hadi kwa wafanyakazi wa Élisabethville, jina la zamani la mji wetu, na vyeo vyake vya kujipa na gwaride lake. Walioiga bendi za wazungu walizikuta na siri zake: midomo hupasuka, mashavu huchoka, na kuna kitu kingine huko nyuma ambacho hakina jina.

Hicho cha nyuma kilinipata mwaka wangu wa tatu. Nilikuwa nacheza baritoni, ala ya shaba ya kupuliza. Baada ya nusu saa hivi ya mazoezi, nikipanda kwenda sol ya juu, nasikia kitu kinakoroma nyuma ya pua yangu, khhh, kama uji unaotokota. Noti inashuka, inakuwa nyembamba, inakufa. Napumzika, inarudi vizuri, kisha inakufa tena. Nilikwenda kwenye zahanati moja, nikapewa dawa ya matone ya mafua. Sikuwa na mafua.

Papa Chefu aligundua kwa macho. Lubumbashi mwezi wa sita asubuhi ni baridi kweli, mtu unapumua unatoa moshi. Tulisimama kwa safu uani tukicheza, yeye akapita mbele yetu taratibu, hakusikiliza muziki wowote, anatazama pua tu. Kwangu akasimama. Akatoa mfukoni kioo chake cha kunyolea ndevu, akakiweka chini ya pua yangu, akasema cheza. Kioo kikaingia ukungu, madoa mawili kama macho ya bundi. "Ona," akaniambia. "Hapa ndipo wimbo wako unaenda."

Ninachosifu ni ufundi huu. Vidole unaviona juu ya pistoni. Midomo unaihisi kwenye embushuri, pale pa kupulizia. Kaakaa, ukicheza, huwezi kulishika, huwezi kuliona, karibu huwezi hata kulihisi, na bado linatakiwa likutii. Mzee alilifundisha kwa hila: piga mwayo kwanza, maana mwayo hulinyanyua, meza mate, cheza dakika kumi halafu nyamaza tano, usipande juu mpaka chini pawe pakavu kiooni. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliwauliza wanamuziki wa vyuoni, na takribani thuluthi moja wakakiri wamewahi kuonja dalili hizo. Kwa wengi ni uchovu. Wengine wamezaliwa na ufa uliofichika chini ya utando wa kaakaa, wengine wamekatwa nyama za nyuma ya pua ambazo kaakaa lao lilikuwa likiziegemea. Wako waliofanyiwa upasuaji wakarudi jukwaani.

Mpiga zumari wa pwani huniacha hoi zaidi. Yeye huufungua mlango huo kwa makusudi, wimbo ukiendelea. Hujaza mashavu, nyuma ya ulimi hukutana na kaakaa na kukiziba kinywa, kisha huvuta hewa puani chapu huku mashavu yakikamua ile iliyobaki ndani ya zumari. Msikilizaji hasikii pengo. Kinachomwaibisha mpiga tarumbeta, kwa mwenzake ndiyo kazi yenyewe.

Mimi kaakaa langu halikutii kiasi hicho. Nilihamia ngoma kubwa, safu ya nyuma, na huko nikajifunza kumtambua anayevuja kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sikio hilo halikustaafu. Tarehe 12 Oktoba, siku nabii Simon Kimbangu alipofia kifungoni katika mji huu mwaka 1951, baada ya miaka thelathini ya jela, fanfari ya Wakimbangisti, wafuasi wake, hutoka kwa kijani na nyeupe. Oktoba hapa ni joto la kungoja mvua, na vumbi. Mara ya mwisho nilisimama kando ya barabara. Matuba yalipita, tromboni zikapita, kisha kijana mmoja wa tarumbeta, kama miaka kumi na sita, na nyuma ya noti yake nikasikia: khhh. Akashusha tarumbeta. Akatembea hatua nne bila kucheza, macho mbele, koo likapanda na kushuka. Akainua tena tarumbeta, na noti ikatoka nzima. Nami nikajikuta nimemeza mate.