Giza la Mweru na Picha za Usiku

Kuna wapiga picha ambao kazi yao huanza pale sisi tunapokwenda kulala. Hawa huzikimbia taa za miji, wakapanda nyanda za juu zilizo mbali na barabara, wakasimamisha kamera juu ya miguu mitatu na kungoja mwezi uzame. Katika bara letu wengi huelekea Namibia, ambako hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa miongoni mwa hifadhi za kimataifa za anga la giza. Kazi zao zimekuwa nyingi, hata zafaa kuhakikiwa kama tunavyohakiki ushairi au tamthilia, kwa kutazama fani na maudhui. Nami nataka kuzipima kwa mahali pamoja: Nchelenge, kwenye ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru.

Mahali hapa pana kila sifa wanayoitafuta. Ziwa liko kiasi cha mita 920 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Kawambwa unafika kwenye uwanda wa mita 1,300 hivi, na upande wa Kongo uwanda wa Kundelungu ni mrefu zaidi ya hapo. Huko juu sehemu kubwa ya mvuke na vumbi hubaki chini ya mtazamaji, na nyota zilizo karibu na upeo huonekana wazi zaidi. Tena Nchelenge iko nyuzi 9 na kitu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mtu huweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini, na kitovu cha Njia Nyeupe hupita si mbali na utosi. Miezi ya Mei, Juni na Julai ndiyo bora. Baadaye mioto ya nyika na ya mashamba hulijaza anga moshi, kisha mvua huja.

Katika fani sina ugomvi mkubwa. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na hata likizoea haliwezi kutambua rangi katika mwanga mdogo hivyo. Kamera huweza kuachwa wazi kwa sekunde 20, ikakusanya nuru kidogo kidogo. Ikizidishiwa muda, nyota hugeuka michirizi, maana dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Basi ile zambarau na ule wekundu tunaouona pichani si uongo, ila si kile alichokiona msanii kwa macho yake. Angetuambia hivyo ingetosha.

Ugomvi wangu uko katika maudhui. Usiku usio na mwezi, Mweru si giza. Wavuvi wa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, huingia majini na taa, zamani karabai na sasa taa za betri, ili samaki wavutwe na mwanga hadi kwenye nyavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu. Mvuvi na mpiga picha, basi, wanaungoja usiku ule ule, kila mmoja kwa haja yake. Lakini kwa kanuni ya mpiga picha taa za mvuvi ni uchafu: huigeuza kamera, hupanda juu zaidi, au huzifuta baadaye. Tunabaki na ziwa lisilo na mtu, na maandishi chini yake yakisifu ukimya. Ukimya gani? Mwalimu aliyewahi kulala Kashikishi atacheka.

Najua jibu watakalonipa: taa iliyo karibu huziua nyota dhaifu. Nakubali, kwa picha ya elimu ya falaki. Picha ya sanaa inayojiita usiku wa Mweru ina deni jingine. Aliyesimama juu ya mwinuko, ziwa likiwa mbali chini yake, angeweza kuziacha zile taa zionekane kama nukta, na zisingeharibu kitu.

Tena kuna jambo la majira. Msanii anayekuja Julai kwa ajili ya Njia Nyeupe hakioni Kilimia mwanzo wa usiku. Huchomoza alfajiri ikikaribia. Novemba kundi hilo la nyota huchomoza jioni, mvua zikianza, na ndani ya jina lake limo neno kulima. Hizo ndizo nyota alizozihitaji mkulima, na ndizo zinazokosekana katika picha hizi, kwa kuwa mawingu ya Novemba hayauziki.

Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo na Pweto, watu huongea Kiswahili. Hata hivyo maelezo ya picha hizi huandikwa kwa lugha nyingine, na nyota hubaki na majina ya kigeni. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu picha moja ya namna hii, Njia Nyeupe waliitaja kwa Kiingereza. Kilimia walikijua kwa kamusi, wala hakuna aliyewahi kukitazama. Mmoja akauliza mbona ziwa lote halina mtumbwi. Sikuwa na la kumjibu ila kwamba mitumbwi ilikuwepo.