Diwani ya Pamoja na Swali la "Sisi": Mtazamo kutoka Kitui na Makueni

M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa diwani yao, Malenga wa Bara, mwaka 1976, jina la kitabu lenyewe lilikuwa hoja: kwamba bara nalo lina malenga wake. Baadaye waandishi hao hao walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, na hapo tena neno "yetu" halikuwekwa bure. Hata hivyo, mgogoro wa vina na mizani uliotawala uhakiki wa miaka hiyo ulilifunika swali jingine, nalo ni hili: huyo "sisi" wa diwani ya pamoja ni nani? Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kuitazama Ukambani, hasa Kitui na Makueni, ambako utungaji wa pamoja ni mkongwe kuliko kitabu.

Tuanze na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga, au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi hiyo huendeshwa kwa nyimbo. Ngui huanzisha, kundi huitikia, mwingine huongeza neno, na neno lisilopata mwitikio hufa papo hapo. Kuitikia, kwa hiyo, ni namna ya kuhariri. Utungo unaobaki ni mali ya kundi kwa sababu kundi ndilo lililoupitisha.

Majina ya njaa nayo yalipatikana kwa njia iyo hiyo. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Kila jina ni taswira na hukumu kwa pamoja, wala hakuna aliyelitia sahihi.

Sasa tazama yanayotukia tungo za aina hii zinapoingia kitabuni. Kila shairi hutafutiwa mwenyewe, kiitikio hufupishwa, na wanawake walioimba matutani hugeuka kuwa "mapokeo", neno lisilo na uso. Ni lazima basi tutofautishe mkusanyo na utungo wa pamoja. Katika mkusanyo, watu wengi hukaa ndani ya jalada moja bila kusikilizana. Katika utungo wa pamoja, neno la mmoja limepimwa na masikio ya wengine. Diwani nyingi zinazojiita sauti ya jamii ni za aina ya kwanza, na mhakiki hana budi kulisema hilo.

Suala la pili ni utambulisho. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alishikilia katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu yupo kwa kuwa jamii yake ipo. Kauli hiyo ina ukweli, lakini mhariri wa diwani akiichukua bila tahadhari atadhani kwamba jamii ni kitu kimoja kilichokwisha kamilika. Sivyo. Lahaja ya Kitui si ile ya Masaku, ambayo Kikamba cha maandishi kiliegemea zaidi. Sehemu za nyanda za Makueni zilipata wakazi kwa mpango wa serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, na wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Mjukuu wa mhamiaji wa nyandani na mwenyeji wa milima ya Mbooni hawana kumbukumbu moja, ijapokuwa wote husema "sisi".

Wapo watakaodai kwamba kosa ni la Kiswahili, kwamba lugha hii haiwezi kuubeba Ukamba. Dai hili halisimami. Kinachodhoofisha mashairi ya namna hii ni uteuzi wa maudhui: ngoma ya kilumi, kibuyu, shanga na ukame hupangwa kama vitu vya makumbusho, na msomaji huambiwa kwamba hiyo ndiyo jamii. Shairi linaloorodhesha mila halijasema lolote juu ya watu wanaobishana kuhusu mila hizo.

Kipimo tunachopendekeza ni chepesi. Diwani ya pamoja ioneshe mahali watunzi wake walipojibizana na walipokataana. Ihifadhi kiitikio kwa ukamilifu, itaje kundi pale ambapo kundi ndilo mtunzi, na iache neno la Kikamba lisimame pale ambapo Kiswahili kingelipunguza. Isipofanya hivyo, itakuwa imechukua sauti za wengi na kuzitia katika kinywa cha mhariri mmoja. Na walioimba matutani, wakisomewa kitabu hicho, hawatakuwa na mahali pa kuitikia.