Dolphin na upau wake wa zana: kila kitufe pale unapokitaka!

Jamani, mwenye kazi ya mafaili asome hii kabla hajafungua folda nyingine! Nimeishika Dolphin, programu ya mafaili ya KDE, na kilichoniacha mdomo wazi si sura yake wala wepesi wake wa kufunguka. Ni ule mstari wa vitufe juu ya dirisha, ambao wengi wetu tunaupita bila kuutupia jicho. Hapa unaubomoa na kuujenga upya upendavyo, bila kuandika msimbo wowote, na bila kulipa hata senti!

Kwa asiyeijua: KDE ni mradi wa programu huria ulioanza 1996, na Dolphin ndiyo iliyopokea kijiti kutoka kwa Konqueror pale toleo la KDE 4 lilipotoka Januari 2008. Ukiwa na mfumo wa kompyuta wa Kubuntu au Fedora ya KDE, unayo tayari. Hata Steam Deck, kile kifaa cha michezo cha Valve, ukikigeuza kiwe kompyuta ya kawaida unaikuta Dolphin imo ndani. Si programu ya jana, na ndiyo maana inashangaza kwamba kuna watu wanaitumia kila siku na upau wao bado uko vilevile ulivyokuja.

Haya, twende kazini. Bofya kulia kwenye upau, chagua Configure Toolbars, na dirisha lenye orodha mbili linafunguka. Kushoto ni vitufe vyote unavyoweza kuviita, kulia ni vile vilivyoko zamu. Chagua kimoja, bonyeza mshale, kimevuka. Mishale ya juu na chini inakipeleka kwenye nafasi yake. Orodha ya kushoto ni ndefu kwelikweli, lakini juu yake kuna kisanduku cha kutafutia. Andika herufi chache tu, kitufe hicho hapo. Unaweza kuweka mistari ya kutenganisha makundi, kubadilisha picha ya kitufe, na hata kubadilisha maandishi yake! Kile cha Copy Location, kinachonakili anwani nzima ya faili, kwangu sasa kinasomeka "Nakili anwani". Hakuna aliyenizuia!

Tamaa ya mwanzo itakwambia ujaze vitufe mpaka pomoni. Usijaze! Ctrl+C na Ctrl+V mkono umeshavijua, kwa hiyo vitufe vyake vitakula nafasi bure. Upau ni wa zile kazi unazozirudia kutwa nzima lakini vibonyezo vyake havikukai kichwani. Ctrl+Alt+C ya kunakili anwani, nani anaikumbuka mteja akiwa amesimama mbele yake? Fundi cherehani haweki mkasi kabatini, lakini pia halibebi kabati zima kulileta mezani.

Kwa kipimo hicho, bingwa wangu ni mseto wa vitufe vitatu: gawa dirisha, nakili upande wa pili, hamishia upande wa pili. Chukua kazi ya mpiga picha. Memori kadi ya kamera iko upande wa kushoto, folda ya harusi iko kulia, zote mbili machoni kwa wakati mmoja. Chagua picha, bonyeza kitufe, zimevuka! Hakuna kunakili, kutoka, kutafuta folda, kuingia, kubandika. Kibodi nayo inaweza, kwa Shift+F5 kunakili na Shift+F6 kuhamisha, ila vibonyezo viwili vinavyofanana hivyo ukiwa na haraka utavichanganya, wakati kitufe chenye jina lake hakikuchanganyi. Na dirisha lisipogawanywa, vitufe hivyo viwili vinafifia na kukataa kubonyezwa.

Picha zikishavuka, zichague zote na ubonyeze kitufe cha kubadilisha jina. Andika Harusi ###, na Dolphin inazipa namba yenyewe: Harusi 001, Harusi 002, mpaka ya mwisho. Zile DSC na IMG za kamera zimekwisha! Ukijuta, kitufe cha kutengua kiweke jirani. Kinarudisha majina ya zamani, na hata faili lililohamishiwa kusikostahili kinalirudisha lilikotoka.

Halafu kuna kichujio, Filter. Ukikibonyeza, kisanduku chembamba kinatokea chini ya dirisha. Andika pdf, na yale makorokoro yote ya folda ya Downloads yanajificha, zinabaki hati zako tu. Anayeshinda akipokea barua, fomu na vyeti vya wateja ataelewa kwa nini ninapiga kelele.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: bofya kulia tena kwenye upau, nenda Text Position, uamuru maandishi yakae pembeni ya picha. Kwenye steshonari ambako wahudumu wanapokezana kompyuta moja, mgeni wa zamu hataanza kubahatisha maana ya michoro. Anasoma, anabonyeza.

Kasoro zipo. Mpangilio ni mmoja kwa folda zote; huwezi kuwa na upau wa picha na upau mwingine wa hesabu. Ukilibana dirisha, vitufe vya pembeni vinajificha nyuma ya kimshale, na hapo ile kasi yote uliyoitafuta inapotea. Hiyo nayo ni sababu ya kubaki na vichache.

Ukiharibu, kitufe cha Defaults kwenye dirisha la Configure Toolbars kinarudisha upau ulivyokuja. Ukifurahi nao, mpangilio wako unahifadhiwa kwenye faili dogo liitwalo dolphinui.rc, ambalo unaweza kulibeba kwenye flashi mpaka kompyuta nyingine. Ofisi nzima ikatumia upau mmoja!

Hukumu yangu: chukua! Waliozoea Windows 10 watakumbuka vile vitufe vidogo vya kujichagulia juu ya dirisha la mafaili, ambavyo Windows 11 ya 2021 ilikuja bila kuwa navyo. Dolphin imekwenda mbali kuliko hata vile. Anza leo na sita: gawa dirisha, nakili upande wa pili, hamishia upande wa pili, badilisha jina, chuja, tengua. Fanya kazi zako za kawaida, na kila utakapojikuta umeingia kwenye menyu kutafuta jambo lile lile kwa mara nyingine, hicho ndicho kitufe cha saba!