Dayodi za Alteneta Hazipimwi kwa Kuchomoa Betri

Ipo desturi ya kupima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma: gari likizimika, alteneta imekufa, lisipozimika, ni nzima. Desturi hiyo iachwe. Betri ndiyo inayomeza misukosuko ya umeme wa gari, na ikiondolewa wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti zinaweza kuruka kupita 100, zikaua dayodi zilizokuwa nzima pamoja na kompyuta ya gari. Wapo wanaosema alteneta za siku hizi zina dayodi za kukata mruko huo. Nyingi zinazo, lakini hata hapo kipimo hakisemi kweli. Dayodi kuu kwa kawaida ni 6, nazo hugeuza umeme wa AC kutoka koili tatu kuwa DC. Moja ikikatika, regyuleta huongeza sumaku ya rota kufidia pengo, gari likaendelea kunguruma na mita ikasoma volti 14 kana kwamba hakuna kasoro.

Kasoro hiyo hujificha kwenye DC lakini hujifichua kwenye AC. Betri ikiwa mahali pake, washa injini na taa kubwa, weka mita kwenye volti za AC, kisha gusa vichwa vya betri, mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda wa feni. Ikizidi nusu volti hivi, zishuku dayodi. Ni kweli mita za bei nafuu hudanganya, ila uongo wao hukamatika: pima kwanza injini ikiwa imezimwa, ubadilishe na ncha. Ikionyesha volti 20 na zaidi upande mmoja, inahesabu DC kama AC, tafuta nyingine.

Uhakika hupatikana alteneta ikifunguliwa, baada ya kutoa waya wa hasi wa betri. Ncha za koili zitenganishwe na dayodi, maana koili huziunganisha zote: yenye shoti huwachafulia jina majirani zake, na iliyokatika hujificha nyuma yao. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, dayodi nzima husoma kama 0.4 hadi 0.7 upande mmoja na kukataa kabisa upande wa pili. Ikipitisha pande zote, ina shoti, na huweza kunyonya betri usiku kucha. Hapo alteneta huweza kukutwa ina joto asubuhi, kabla gari halijawashwa.